Kura ya Lurleen

Wanaume wana maneno, jamani! Kila Ijumaa mchana wale wale walijipanga vitini kwenye kaunta ya mgahawa wa barabara ya Figueroa, Los Angeles, wakibishana ni mpelelezi gani wa hadithi aliye sugu kuliko wote. Lurleen Tackett aliwamiminia kahawa huku akitabasamu, maana mhudumu aliyenuna haachiwi bakshishi.

"Tully Crane!" alisema Sipes, mpanga chapa. "Kapigwa risasi, kamaliza sigara yake kwanza."

"Huyo si sugu, huyo mjinga," Odum, fundi bomba, akamkata. "Wa kwanza ni Gus Maddrey. Umesahau kule chumba cha chini, kituo cha polisi? Kijana kabana meno, anaomba kofia yake! Maddrey akamtandika kwa kitabu cha simu mpaka akatapika yote: 'Ni mimi niliyemuua!' Haya, nitajie mwingine."

Lurleen alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Kijana yule wa hadithini alikuwa Delbert, mdogo wake wa kweli. Polisi walimkamata kwa kifo cha mwenye duka, wakampiga kwa kitabu cha simu ili asibaki na alama, akafia selini. Mfungwa mwenzake ndiye aliyekuja nyumbani kuwaambia kwamba Delbert aliomba kofia yake tu, na hakukiri kamwe. Kwa neno hilo moja mama yao aliweza kuinuka kitandani asubuhi.

Na aliyeitoa habari hiyo nje ni Lurleen mwenyewe. Bwana Pruitt, mla pai wa pale kwenye kona, alikuwa akiandika hadithi za magazeti ya bei rahisi. Alimwuliza kwa upole, naye, masikini, akadhani marehemu amepata wa kumsemea. Pruitt alibadilisha jina, akabadilisha na mwisho. Kofia akaiacha. Jirani akampelekea mama gazeti lile, na tangu siku hiyo mama huyo hakulitaja tena jina la mwanawe. Lurleen naye, kila alipopita penye kofia za wateja ukutani, alihisi kuna mtu amesimama chini ya mojawapo, akaogopa kugeuka.

"Kura zimelingana," alisema Sipes. "Dada Lurleen, tuamulie. Nani sugu?"

Lurleen akaweka birika chini. "Yule kijana."

"Kijana gani tena?"

"Aliyepigwa. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Na hakukiri! Mwulizeni Bwana Pruitt, yule pale anakula."

Odum akakodoa macho. Pruitt akaweka uma.

"Lurleen, mama, hadithi lazima iishe. Msomaji anataka muuaji."

"Si ungemtafuta basi! Mzigo wa watu ukamtwika maiti, huoni haya?"

Pruitt alijikuna shingo, uso umemwiva. "Nitaandika nyingine. Safari hii atakataa mpaka mwisho. Naapa."

Akaandika kweli, tumpe haki yake. Kabla ya Krismasi gazeti lilitoka, kijana aliyeomba kofia akakataa mpaka pumzi ya mwisho, na Maddrey akatoka chumbani ameshindwa. Lurleen alilinunua akakimbia nalo nyumbani hata aproni hajavua. Akamsomea mama yake neno kwa neno, sauti ikimkatika kwa furaha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na ile ya kwanza, aliandika huyu huyu?"

"Huyu huyu, Mama. Ameirekebisha."

"Kwa sababu ulimwomba."

"Kwa sababu ndiyo kweli!"

Mama akatikisa kichwa polepole. "Alikuona unalia, akakuandikia unachotaka. Mtu mwema." Akamtazama bintiye. "Na yule mfungwa, mwanangu, siku ile alipokuja hapa, si alinikuta mimi nalia?"

Lurleen akalikunja gazeti, akaanza kuvua aproni.