Anayetaka kumhoji Jepkemei ashike jembe kwanza

Saa mbili asubuhi, Jepkemei Koros yuko ndani ya mtaro unaomfika kiunoni, juu kidogo ya nyumba za mabati za kijiji chao nje ya Mau Narok. Anachimba kwa hasira. Watafiti wawili wenye tableti wamesimama ukingoni, viatu vyao bado safi.

"Mathe, ni maswali machache tu," anasema Quincy, aliyetoka Nairobi na mwenzake Wangeci. "Dakika kumi."

"Shika hiyo jembe kwanza," anajibu bila kuinua kichwa.

Jepkemei, mwenye miaka arobaini na sita, hula jasho lake kwa kibarua cha kuvuna viazi, shilingi mia nne kwa siku. Aprili ya mwaka juzi, kimbunga kilichozuka Bahari ya Hindi kilisukuma mvua kubwa hadi huku milimani. Shamba la ngano lililo juu ya kijiji lilikuwa limefyekwa miti yote, hivyo hakukuwa na cha kuyazuia maji. Tope likashuka na kufukia nyumba tatu. Katika mojawapo alifia Jerop, dada yake mdogo.

Tangu hapo yamekuja makundi manne ya watafiti. Wamepima udongo, wamepiga picha nyufa, wakamuuliza huzuni yake ni ngapi kati ya moja na tano. Kila kundi lilimwachia mche wa sabuni likaenda zake. Nani asingekasirika?

"Dada yangu ni namba gani? Tatu? Nne?" anauliza. "Na hakuna mtu amewahi kurudi kutuambia walipata nini."

Quincy anakiri kwamba ripoti za wenzake bado zinapitiwa na wakubwa. "Lakini hiyo data inasaidia serikali kupanga, mathe."

"Imepanga nini hapa? Si ni mimi nachimba?"

Mtaro huo ndio utakaoyageuza maji yaelekee korongoni. Mvua imekaribia, na robo nzima haijaguswa kwa sababu majirani wengi wako vibaruani.

Wangeci anavua koti na kuingia mtaroni. Quincy anasitasita, kisha anamfuata. Kufikia adhuhuri mikono yao imetoka malengelenge, na hapo ndipo Jepkemei anaketi na kujibu maswali yote.

Anataka kumaliza mtaro, halafu yeye na akina mama wenzake wakamkabili mwenye shamba la ngano hadi apande miti.

"Mvua ikiisha mrudi na hizo tableti," anawaambia. "Nataka mkose kaburi ya kuhesabu."