Uvundo Katika Boti ya Hooyo Halima

Nilikwenda Garissa kwa ajili ya kunusa. Usicheke. Kazi yangu hapa Kilifi ni kusafisha boti za matanga zilizotumika, zile ambazo wenyewe huzichoka wakaziacha zivunde kwenye hori, ili zipate mnunuzi mwingine. Moja aliinunua Abdi, mfanyabiashara wa mifugo wa Garissa. Mama yake, Hooyo Halima, ana shamba ukingoni mwa mto Tana, na mafuriko ya mwisho yalimpandisha juu ya paa siku mbili. Kuhamia mjini hataki hata kusikia. Basi mwana akaona, mama akikataa kuhama, nyumba na ielee. Akachagua boti yenye chumba, akang'oa mlingoti, akaipakia kwenye lori.

Miezi ikapita, kisha akanipigia simu. "Fundi, boti inanuka. Hooyo amekataa kutia hata mguu, na mvua ziko karibu." Nikajifanya kushangaa. Sikushangaa hata kidogo. Siku aliyokuja kuitazama, nilifungua madirisha tangu alfajiri na kupuliza manukato ya limau kila pembe. Abdi alivuta pumzi akasema mashallah. Ile limau ilikuwa na umri wa saa moja.

Alfajiri nikaondoka Kilifi kwa lori la Abdi mwenyewe, lililokuwa limeshusha mbuzi Mombasa na sasa linarudi tupu. Tupu ni neno tu, kwani harufu ya mbuzi haikushuka. Mtaalamu wa harufu nikakaa mbele na dereva, kitambaa puani, begi la siki, brashi na magadi miguuni.

Garsen tulikunywa chai. Dereva akaniuliza mara ya tatu, "Kwa hivyo wewe unaenda Garissa kuosha boti?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. "Sisi huku tunaomba Mungu maji, nyinyi mnatuletea boti."

Baada ya Hola nilisinzia, nikaamshwa kwenye kizuizi cha polisi karibu na Garissa. Askari alitaka kitambulisho, kisha begi. Akatoa mfuko wa magadi. "Unga mweupe huu ni wa nini?"

"Wa kutoa harufu, afande. Ndani ya boti."

"Boti. Garissa." Aliutumbukizia pua, akapiga chafya mara tatu, akaniruhusu nipite kwa huruma.

Saa kumi jioni tulifika shambani. Boti ilikuwa imekaa juu ya magogo katikati ya migomba, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Abdi alinipokea kwa mikono miwili, na mkewe Fatuma akatokea mlango wa boti na dabqaad mkononi, kile chetezo chao cha udongo, moshi wa uunsi, ubani wao, ukimfuata. "Asubuhi na jioni nafukiza," akaniambia kwa fahari, "halafu nafunga kabisa, moshi uingie ndani." Ndivyo Wasomali wanavyofanya na vibuyu vya maziwa.

Nikaingia. Lo! Juu kulikuwa na uunsi, tamu kweli. Chini ya uunsi kulikuwa na nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Na chini kabisa, wallahi, ilikuwa limau yangu.

Hooyo Halima alikuwa anakamua mbuzi nje ya nyumba yake. Kiswahili chake amekiokota soko la mifugo, lakini kinatosha kukuumbua. "Waryaa, wewe ndio daktari ya harufu?" Nikasema ndiyo, Mama. "Haya. Tutaona."

Asubuhi iliyofuata nilifanya kazi kama mtu anayedaiwa roho. Nikapangusa kuta kwa siki, nikamwaga magadi, nikasugua mpaka mabega yakalia. Adhuhuri nikamkaribisha Hooyo. Alipanda ngazi, akaingiza kichwa tu, akakitoa. "Bado. Mwili chafu, nguo safi. Toa yote nje. Leta moja moja."

Nikaleta. Alinusa kila kitu kama anayechagua kibuyu cha kutilia maziwa. Magodoro: "Hii jua tu." Kamba: "Hii hapana." Maboya: "Hapana." Mwisho likabaki furushi moja kule mbele kabisa, omoni, nami nililiacha la mwisho kwa sababu nalijua. Lilikuwa tanga kuukuu. Mkesha wa siku aliyokuja Abdi lililowa mvua, sikuwa na muda wa kulianika, nikalikunja bichi nikalisukuma huko. Lilikuwa limeziba tundu la kupitishia maji, na yaliyokuwa nyuma yake hayakupata njia. Uunsi na turubai vikayafungia humo.

Hooyo hakuhitaji hata kulisogelea. Aliinua mkono nikiwa bado mbali. "Nani naweka hii?"

Abdi akanitazama. Ningeweza kumsingizia mwenye boti wa kwanza. Mzungu aliye mbali hana wa kumtetea. Lakini nyuma ya Hooyo niliona ukuta wa nyumba yake, na alama ya matope ya mafuriko imepita usawa wa kifua changu. "Mimi, Mama," nikasema. "Na ile limau pia ni mimi."

Abdi alifungua mdomo, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. "Chombo ya maziwa naosha. Halafu naanika, mdomo wazi. Moshi ni mwisho. Wewe naanza na mwisho." Akamgeukia Fatuma. "Na wewe pia." Fatuma akaficha dabqaad nyuma ya buibui. La kuvunda halina ubani. Methali hiyo nimeimbiwa tangu utotoni, na nikaja kufundishwa maana yake na mtu asiyewahi kuiona bahari.

Siku tatu zilizofuata tulifungua kila kifuniko. Nilizibua matundu, nikasugua ngama, pale chini maji yanapojikusanya, na turubai nikaligeuza kivuli cha mbuzi. Jua la Garissa likamaliza kazi. Kwetu pwani hewa yenyewe ni mbichi. Sijawahi kuona boti kavu namna ile.

Siku ya nne Hooyo Halima aliingia miguu yote miwili. Akaketi, akanusa, akasema, "Mashallah." Karibu nilie. Kisha akatoka, akarudi akivuta mbuzi. Akamwingiza. Akaenda kuleta wa pili.

"Hooyo!" Abdi akapiga kelele. "Mbuzi tena? Fundi ametoka Kilifi!"

"Kwani wewe nadhani juu ya paa mimi nakaa peke yangu?"

Abdi akaenda kumletea wa tatu.

Nilirudi kwa lori lile lile, sasa limejaa mbuzi, na kitambaa sikukitoa mfukoni. Mke wangu alinipokea nje na ndoo ya maji. Tangu hapo kila boti naianika wazi kabla sijaita mnunuzi, na chupa ya limau nimeitupa.

Mvua zilipokuja, Abdi alinipigia. Mto ulikuwa umepanda mpaka madirisha ya nyumba, lakini boti ilielea, imefungwa kwenye mgunga, nao wote wamo ndani. Nilisikia vilio vya mbuzi zaidi kuliko sauti yake. "Fundi," akasema, "boti inanuka tena. Vibaya!"

"Nije?"

Nyuma yake Hooyo Halima akapaza sauti. "Ambia yeye kaa huko huko! Sasa boti nanuka kama nyumbani."