Waliomwitikia Baba

Taabu yangu ilianza nikiwa na miaka minane, mwaka aliokufa baba, na shule ikaishia hapo. Juzi niliwasikia wanajeshi wastaafu hapa mtaani Barani wakibishana mkutano wao wa kila mwaka ufanyike wapi, nikaikumbuka alasiri moja ya mwaka ule, kijijini kwetu Adu.

Wenzake baba wa jeshini walikuja kupanga mkutano kama huo. Uani kulinuka tumbaku na rangi ya viatu.

"Mbuzi mmoja? Wewe peke yako wammaliza!" walitaniana.

Kisha mkubwa wao akasimama, akaita majina. Alipolitaja la baba, wote wakaitikia kwa pamoja: "Yupo!"

Nilikimbia. Nikamtafuta nyuma ya nyumba, ghalani, hata chooni, mpaka mama akanishika mkono.

"Wamtafuta nani, mwanangu?"

"Baba. Wamesema yupo."

Mama akakaa chini mchangani.

Sasa najua ni desturi yao kumwitikia mwenzao aliyekufa. Siku ile niliwaona waongo, nikakataa kuwapa mkono walipoaga.

Leo nina nyumba ya mawe Barani, mashine ya kusaga mahindi Gede, ng'ombe sita, na kaburi la baba nililolijengea kwa saruji mimi mwenyewe.