Mpira wa Filta na Mkono wa Baba Mkwe

Siku ile watu ishirini na sita tuliokolewa na mzee ambaye hakuweza kutamka hata neno moja.

Mmoja wa hao ishirini na sita alikuwa yeye mwenyewe. Na aliyekaribia kutuua sote ni mimi hapa ninayewasimulia.

Mimi ni fundi wa injini kwenye boti ya abiria. Kazi hii nilifundishwa na baba mkwe wangu, enzi hizo hata binti yake hajanitupia jicho.

Bandarini mzee walimwita Bangili. Kila akibadilisha filta ya mafuta, ule mpira mwembamba wa duara wa filta ya zamani anaubandua, anauvaa mkononi. Hauvui mpaka injini ingurume robo saa nzima, boti ikiwa bado imefungwa gatini.

"Ukiuona mkononi, ujue haujabaki kwenye injini," alikuwa akiniambia.

"Baba, utabaki vipi na mimi nina macho?"

Nikiwa na wenzangu namwigiza, natikisa mkono kama bibi harusi. Watu mbavu hawana. Leo nikikumbuka naona aibu.

Sasa asubuhi moja nimefungua filta zote mbili, simu ikaita. Mke wangu, analia.

"Baba ameanguka bafuni! Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna kazi, hasemi! Zahanati wanasema ni kiharusi, avushwe sasa hivi hospitali kubwa. Akichelewa tunampoteza."

Na boti ya kumvusha ni ipi? Ni hiyo hiyo niliyoifungua.

Jamani! Nikafunga filta mpya chapuchapu, nikatoa hewa kwenye bomba juu juu tu, nikapiga stata. Ikawaka.

Mke wangu na watu wa zahanati wakamleta mzee kwenye machela, wakamlaza karibu kabisa na tundu la kushukia kwenye injini, shuka hadi kifuani. Injini ilikuwa imenguruma dakika mbili, labda tatu.

"Twende!" nikamwambia nahodha.

Robo saa ya Bangili nani anaikumbuka, na Bangili mwenyewe anakufa?

Tulipofika katikati ya mkondo, mlio wa injini ukapanda, ukashuka. Ikakohoa mara mbili, ikazima.

Kimya. Maji tu yanapiga ubavuni.

Upepo ukaanza kutusukuma kuelekea ukuta wa mawe unaokinga bandari. Nahodha akatupa nanga. Ikashika kidogo, ikaachia.

"Nanga inaburuta!" akapiga kelele. "Fundi, una dakika kumi! Zikipita hizo tuko juu ya mawe!"

Nikaruka chini.

Kwa msiojua, dizeli na hewa haviivi chungu kimoja. Hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta, injini inazima. Dawa yake unalegeza skrubu ndogo juu ya filta, unapampu kwa mkono. Yanatoka mapovu, halafu mafuta safi, unakaza. Kazi ya dakika tatu, nimeifanya mara mia.

Nikapampu. Mapovu.

Nikaendelea. Mapovu.

Kidole gumba kinauma, jasho linaingia machoni, na mapovu yanatoka vile vile kama sufuria ya maharage. Haiwezekani! Nikamulika viungo vyote, vikavu. Hakuna hata tone lililovuja.

Kwa kiherehere nikapiga stata hivyo hivyo. Ikazunguka, haikuwaka. Nikapiga tena. Sasa na betri inaanza kulegea.

"Dakika sita, fundi!"

Juu abiria wanalia, mmoja anagawa majaketi ya kuelea na hayatoshi. Mke wangu akainamia kwenye tundu.

"Baba anahema vibaya! Unafanya nini huko?"

Nikazidi kupampu. Niliogopa, sifichi. Niliogopa mawe, nikaogopa maji, lakini kilichonimaliza kabisa ni uso wa mke wangu. Baba yake anakufa mbele yake, na mumewe yuko chini anachezea mapovu.

Nikainua macho. Nikamwona mzee.

Mkono wake wa kushoto umetoka kwenye shuka, umekishika, juu ya shuka, kifundo cha mkono ule uliopooza. Vidole vinazunguka, vinazunguka. Na macho amenitolea mimi.

"Anataka saa yake?" mke wangu akauliza.

"Anatuaga huyo," mama mmoja akasema, akaanza kulia upya.

Mimi nikatazama mkono wangu. Mtupu.

Mungu wangu! Mpira!

Nikairukia filta ya kwanza, ile ya kabla ya pampu. Upande ule pampu inanyonya, kwa hiyo pakiwa na upenyo mafuta hayatoki nje ukayaona. Hewa ndiyo inaingia ndani. Nikaifungua, nikapapasa juu inapokaa.

Mipira miwili. Mpya, na juu yake ule wa zamani, mweusi, umeganda pale pale nilipouacha, filta haikukaa sawa.

Nikaubandua kwa kucha. Sijui hata niliuvaa saa ngapi, nilijikuta tu uko mkononi. Nikarudisha filta, nikapampu. Mapovu makubwa, madogo, machache. Mafuta safi!

Nikakaza, nikalegeza nati za kwenye nozeli, vile vipulizia mafuta, ili hewa iliyobaki itoke.

"Nahodha, piga stata!"

Injini ikazunguka kwa uvivu, betri inakata roho. Mafuta yakaruka kwenye nozeli ya kwanza, ya pili. Nikakaza zote.

"Piga tena!"

Kwii... kwii... Nikafumba macho.

Ikawaka.

Nahodha akaikata kamba ya nanga kwa panga, tukageuka. Nilipotoa kichwa nje mawe yalikuwa karibu mno, niliona kaa wakikimbia juu yake. Nikatapika.

Mzee alifika akiwa hai. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Wiki saba baadaye maneno yakaanza kumrudia. Nikaenda kumwona na ule mpira mfukoni. Mke wangu yupo, anamkata kucha. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Bila ile ishara yako tungekufa wote."

Akanikodolea macho. "Ishara... gani?"

"Ya bangili. Ulivyoshika mkono."

Mzee akakunja uso, akawa anafikiri. Halafu akasema polepole, neno moja moja:

"Mkanda wa machela... ulinibana mkono. Chini ya shuka. Natafuta... wa kunifungulia. Wewe... unanitazama... halafu unakimbia!"

Nikautoa mpira mfukoni, nikautazama.

Na mzee hakuwa amemaliza. "Kwani... ulisahau mpira?"

Kumbe hakujua! Hakuna aliyejua. Wiki saba mke wangu anawaambia watu injini iliharibika, mume wake akapambana kama simba. Mkasi ukasimama kwenye kidole cha baba yake. Akanigeukia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema.

Akauweka mkasi chini. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Hata yale mawe ya baharini hayakunitisha kama machozi yake.

Mzee akanyoosha mkono wake ule dhaifu, akauchukua mpira. Akaanza kunivalisha. Ulimtoka mara tatu, hakukubali asaidiwe. Ulipoingia, akanipiga kikofi cha shavu, chepesi.

"Robo saa," akasema. "Usiuvue."

Ndugu zangu, mimi somo langu ni hili. Aliyekufundisha kazi hata akinyamaza, kazi yake inasema ndani yako. Ila mafunzo uliyoyacheka hayaji mpaka uogope kwanza, na si kila mtu atapewa dakika kumi.

Mke wangu amenisamehe. Lakini boti haiondoki gatini siku hizi kabla hajapiga simu kuniuliza kilicho mkononi mwangu.