Maji ya Mihogo, Njia ya Fizi

Harufu ya mihogo iliyolowekwa hunirudisha kwenye barabara inayopanda kutoka mji wa Baraka kwenda Fizi, nikitembea nyuma ya baiskeli ya baba. Vita vilikuwa vimefika mjini. Mama alikataa kuiacha mihogo yake, akaifunga ndoo nzima, na maji yake, kwenye kerieri.

Kabla ya kizuizi cha askari, mwanamke aliyekuwa akishuka alituonya: wanachukua wanaume wawabebee mizigo milimani, na waliochukuliwa hawarudi. Mama akamkalisha baba juu ya baiskeli, akamfunika kitenge, akammwagia kwenye suruali yale maji ya mihogo yanayonuka, kama mtu aliyeharisha.

"Huyu iko na nini?" askari aliuliza, akiziba pua.

"Kolera, shefu," mama alijibu. "Tunamupeleka hospitali."

"Pita! Pita mbio!"

Mama alisukuma. Tulipopita kona, nilimsikia baba akicheka ndani ya kitenge.

"Nyamaza," mama alimwambia. "Mugonjwa hachekake."

Tulipofika kwenye mikaratusi baba alishuka, akamkalisha mama palepale alipokuwa amekaa yeye, akashika usukani. "Sasa mugonjwa ni weye."

Mama alilalamika kwamba mihogo yake imebaki bila maji, lakini hakushuka.