Udongo wa Mikoko Ukutani Kwangu

Jirani amekandika ukuta kwa shahada yangu ya uzamili.

Chekeni kwanza. Nawaandikia kutoka kompyuta ya idara.

Tanuri la maabara limeharibika, kwa hivyo leo nilianika udongo wa mikoko juu ya magazeti, nje ya mlango wangu Gatwekera, Kibera. Sampuli arobaini kutoka pwani. Miaka miwili ya kazi.

Nikaenda kuchota maji.

Kurudi, nakuta jirani yangu Mama Akinyi amezikanda zote pamoja na kuziba tundu la ukuta wangu.

"Mvua inakuja, mtoto wangu," akasema, amefurahi kweli.

Fundi wa viatu aliyekaa hapo nje akadakia: "Kwani Kibera matope yameisha, msomi, mpaka uagize Mombasa?"

Nikamwambia Mama Akinyi ameniua. Akaleta kisu, akaanza kukwangua ukuta na kurudisha udongo kwenye mifuko yangu ya sampuli, mmoja mmoja.

Ningeweza kumwambia aache. Udongo ukishachanganyika hivyo, hakuna cha kupima tena.

Nilivuta kigoda nikamtazama. Vidole vyake vilianza kutoka damu.

"Sasa ni sawa?" akauliza.

"Bado kidogo," nikasema.