Mayai ya Kambale kwenye Chandarua Kipya

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sifichi. Asubuhi ile, kabla hata sijamwamkia dada yangu, nilikuwa nimeshakwenda mara nne kumchungulia kambale ndani ya pipa. Alikuwa jike mmoja tu. Wenzake wote katika bwawa langu dogo nyuma ya nyumba, hapa Viwanja Sitini, matumbo yao yalikuwa bado magumu. Huyu nilikuwa nimemchoma sindano ya kukomaza mayai jioni iliyotangulia, kama nilivyofundishwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, na kambale akishachomwa hakuna kurudi nyuma. Kukikucha unamkamua mayai, utake usitake.

Wasiwasi wangu ulikuwa na sababu, kwani samaki watakaotoka humo nilikuwa nimemwahidi dada. Alipofiwa na mumewe, mashemeji zake walimwachia kipande cha shamba kule Michenga. Kwenye kona yake akachimba bwawa kwa mikono yake mwenyewe, kiangazi kizima, kwa sababu mimi, mdogo wake, nilimwambia nitampa vifaranga vya samaki. Mashemeji wakamcheka. Shemeji mkubwa akasema hawezi kuvumilia shimo tupu linalokula nafasi ya mpunga: siku miche itakapokuwa tayari kupandikizwa, kama hamna samaki mle, linafukiwa. Hata wawe wadogo kama punje ya mchele, alisema, mradi awaone wanaogelea. Miche ilikuwa imeshaota kitaluni na imebakiza wiki mbili.

Dada alilala kwangu ili anisaidie. Yeye ndiye aliyemshika jike kwa kitambaa chenye maji, mimi nikamkamua taratibu kuelekea mkiani, mayai yakamiminika kwenye bakuli. Dume tulimchinja, maana mbegu zake hazikamuliki, ni mpaka umpasue. Nikazichanganya na mayai kwa unyoya wa kuku.

Tulikosana kwenye kutandika. Mayai ya kambale hutandazwa juu ya wavu laini majini, tabaka moja, yasibebane. Aliyetufundisha alikuwa na wavu wake maalumu, mimi sikuwa nao. Nikaleta chandarua. Si kile cha zamani kilichotoboka, la. Kipya, kwenye mfuko wake. Nimefanya usafi wodini miaka mingi, na kitu kichafu karibu na kiumbe kinachozaliwa sikiwezi.

"Hicho si kina dawa?" dada akauliza.

"Dawa ya mbu, dada. Watoto wachanga wanalala chini yake."

"Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Mpigie aliyekufundisha."

Nikamjibu kwamba mimi nimefundishwa wiki mbili, yeye hajafundishwa hata siku moja. Nilisema hivyo kwa dada yangu mkubwa, tena nyumbani kwangu, akiwa mgeni. Nikakisuuza chandarua mara mbili, nikakitandika kwenye beseni kubwa, nikawasha pampu ya hewa. Dada akapanda bodaboda kurudi Michenga. Alipoondoka alisema atapita kanisani.

Siku ile sikula. Nilikaa kwenye kigoda kando ya beseni, nikiogopa umeme usikatike, nikiogopa maji yasipate joto, nikiokota kwa kijiko kila yai lililogeuka jeupe. Kesho yake, kabla ya saa sita, yakaanza kuanguliwa. Vijiuzi vyembamba, kila kimoja na kifuko chake cha chakula tumboni. Nikampigia dada nikamwambia wametoka. Nilimsikia akicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Saa tisa nikaona wengine wanazunguka mahali pamoja, kichwa chini. Wakawa wanashtuka, wanatulia, wanashtuka tena. Nikabadilisha maji nusu. Wakazidi. Hapo ndipo nilipompigia mwalimu.

"Umetandika kwenye nini?"

"Chandarua."

"Kipya?"

"Kipya, kwenye mfuko wake."

"Mama," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko angenifokea, "ile dawa mtu haimsumbui. Samaki inamuua, hata ikiwa kidogo sana."

Kufikia jioni beseni lilikuwa kimya. Nililia, sikuona haya.

Ningeweza kusema ni umeme. Kesho yake, bodaboda ya kunipeleka Michenga ilipokuwa inapita Katindiuka, nilikuwa bado naupanga uongo huo kichwani. Dada alikuwa uani, ndoo ameshaisugua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umewaleta?"

Nikamwambia yote, na chandarua nikakitaja. Akakaa chini kwenye kizingiti.

"Jike yupo hai?"

"Yupo. Ila mpaka abebe mayai tena ni miezi, na wenzake bado."

"Miche haisubiri miezi."

Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa shemeji mkubwa, nimwambie kosa ni langu, aliyeua ni mimi.

"Acha," akasema. "Atatucheka wawili. Nikichekwa mimi peke yangu inatosha."

Siku ya kufukia aliwahi kuliko wote. Shemeji mkubwa alipofika na jembe lake, dada alikuwa ameshauangusha ukingo mmoja, na akamwambia, kwa heshima zote, kwamba hahitaji msaada. Mimi nikachukua jembe lililokuwa limelala pembeni, nikasimama upande wa pili wa shimo. Tulifukia mpaka adhuhuri, ana kwa ana. Dada hakunitazama hata mara moja.